Mahindi ya Shangazi Yako

Kitswamba, Alhamisi mchana

Kabugho mwanangu,

Mambo ya sweta, ya kuandika namba za simu kwenye karatasi wasije wakakuibia simu ukabaki bila mtu, ya kutonunua nyama choma dirishani basi likisimama, hayo yote anayo mama yako. Namsikia hapo chumbani anakunja nguo zako, anazikunjua, anazikunja tena. Mimi nimekaa mezani. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na nawajua hao kwa maneno, kwa hiyo nina kama saa tatu. Nisipomaliza kabla hujarudi sitamaliza tena, najijua.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulea nacho. Mama yako alizaliwa Kilembe, kwenye nyumba za wachimba shaba, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na watu wakapatana kwa Kiswahili. Kikonzo chako umekipata kwa shangazi yako. Kiingereza changu unakijua, kinaishia kwenye sahihi.

Jumapili ulisimama hapa sebuleni ukatusomea maneno utakayoyasema kwenye ule mkutano wa Kampala, mbele ya wabunge na watu wa kampuni za mbegu. Mchungaji alikuwepo, na majirani, na mama yako alikuwa amechemsha chai ya maziwa sufuria nzima. Ulisema vizuri. Unajua kusimama, hilo hukulitoa kwangu. Ulisema kwamba ulipokuwa na miaka kumi na moja kampuni ilikuja huku kwetu na mbegu zake za GMO, kwamba mahindi ya shangazi yako Masika yalikuwa yanaziba njia yao, na kwamba asubuhi moja watu wa kampuni walikuja na mapanga wakayakata yote yakiwa karibu kutoa maua. Ukanyamaza kidogo hapo. Mtu mmoja nyuma akasema kwa huruma, "Bambi!" Mchungaji akatikisa kichwa. Mimi nikaongeza sukari kwenye chai ambayo ilikuwa tayari na sukari.

Kabugho, watu wa kampuni hawakuja na mapanga. Niliyeyakata ni mimi.

Basi, nimeliandika. Hata mwandiko haukubadilika, angalia mwenyewe. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana jambo kama hili ukilijua nusu ni baya kuliko kutolijua.

Wewe unakumbuka kazi. Unakumbuka tulivyokuwa tunaingia shambani kabla ya chai, wewe na kaka zako mmevaa mifuko ya plastiki miguuni kwa sababu ya umande, tunapita mstari kwa mstari kung'oa mbelewele, lile ua la juu la mahindi, na vumbi lake linawasha macho. Lakini sidhani kama uliwahi kuelezwa kwa nini. Lile halikuwa shamba la mahindi ya kula. Lilikuwa shamba la kuzalisha mbegu. Unapanda wazazi wawili, mistari minne ya jike na mistari miwili ya dume. Jike unaling'oa ua lake lote kabla halijamwaga vumbi, ili libebe mimba ya lile dume lililochaguliwa na ofisi, wala si ya mwingine. Mahindi mengine yoyote yakiwa karibu ni hatari, maana upepo hauna adabu, unaokota vumbi la huyu unampelekea yule. Kwa hiyo kampuni inaweka umbali. Ndani ya umbali huo pasiwe na mahindi ya mtu. Yakikutwa, shamba lako lote la mbegu linakataliwa.

Kijana aliyeletwa na kampuni kutusimamia tulimwita bwana shamba, ingawa wa serikali hakuwa. Alikuja na pikipiki na kofia za kugawa. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, si kwa kumtetea. Wakati ule redio ilikuwa imeshatutisha kuhusu GMO, na upande wa chini kulikuwa na shamba la majaribio ya pamba, limezungushiwa seng'enge, na askari mlangoni, watu wakasema mbuzi akila pale hazai tena. Nikamuuliza bwana shamba waziwazi kama hiyo mbegu yake ni mambo hayo. Akacheka.

"Mzee, hii siyo GMO. Hii iko chotara tu. Baba mmoja, mama mmoja, kama wewe na mimi."

Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Kwa hiyo hapo kwenye karatasi yako panapoandikwa GMO, pafute. Kuhusu GMO yenyewe mimi sijui, mwanangu. Huenda ni sumu, huenda ni chakula tu. Wanaoiogopa nawasikiliza, wanaoisifu nawasikiliza, na wote wamenizidi shule. Ninachokijua ni hiki kidogo: nililima mbegu ambayo sikuruhusiwa kuila, wala kuiweka, wala kumpa jirani hata konzi moja, na nilitia sahihi kwenye karatasi ambayo sikuweza kuisoma. Na nilifurahi. Usikose kulijua hilo. Nilivaa ile kofia mpaka kanisani, mama yako akanivua mlangoni.

Sasa shangazi yako. Mume wake alipofariki, wakwe zake walimwonyesha njia, akarudi. Kwetu dada akirudi humlishi kama mgeni, unampa kipande alime, ajitegemee, heshima yake ibaki. Nikampa kile kipande cha ng'ambo ya mfereji. Alikuja na godoro, sufuria mbili, na mahindi ya mama yetu. Mama alimpa siku alipoolewa, na yeye mama alipewa na mama yake. Ulikuwa unayapenda ukiwa mdogo kwa sababu ya rangi: mekundu, meupe, na mengine ya zambarau karibu meusi, yote kwenye gunzi moja. Ugali wake ulikuwa wa kijivu. Nilimtania kwamba anapika udongo, naye akaniambia udongo huo ndio uliokukuza, mpumbavu wewe. Magunzi ya mbegu aliyafunga kwa maganda yake akayaning'iniza juu ya moto, yanakula moshi mpaka mvua.

Msimu ule mimi mwenyewe nilimwongezea kipande. Nilimwona anajitahidi, nikamwambia panda mpaka kwenye ule mti wa mtomoko. Akapanda. Akapanda mbegu yote aliyokuwa nayo, hakubakiza hata gunzi moja juu ya moshi, kwa sababu kaka yake alikuwa amempa ardhi. Hakuwahi kufanya hivyo kabla. Kama wiki mbili baadaye nikatia sahihi ile karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na ramani, na mimi sikufikiria. Nakwambia kweli, sikufikiria hata kidogo. Mahindi ya kampuni yalikuwa mahindi kichwani mwangu, na mahindi ya Masika yalikuwa ya Masika.

Yalipofika kifuani, bwana shamba akaja na utepe wake mrefu wa kupimia. Akapima, akavuka mfereji kwa lile gogo, akapima tena. Ilikuwa Ijumaa.

"Hii mahindi iko ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Iko ndani, mzee. Umbali imepungua kama hatua thelathini hivi."

Nikasema, "Nitaiondoa."

Akanyanyua mkono. "Hapana, ngoja. Usifanye mbio. Haijatoa maua bado. Tunaweza kung'oa mbelewele yake tu, kama tunavyofanya kwa jike yetu. Itabeba vumbi ya huku, mama atavuna, atakula. Wacha niulize ofisi. Jumatatu nakuja, tuongee na yeye mwenyewe."

Tuongee na yeye mwenyewe. Alisema hivyo, Kabugho. Na Masika angekubali, maana ni mtu wa kuelewa. Mbegu ya mama ingeharibika kidogo msimu ule, ingechanganyika, pengine ingepona baadaye kwa kuchaguachagua, sijui. Lakini yeye angevuna. Kilichotakiwa kwangu ni kukaa siku tatu bila kufanya kitu.

Sikukaa. Jumamosi asubuhi nilichukua panga.

Unajua kwamba shangazi yako ni Msabato wa kweli. Jumamosi hagusi jembe, hapiti hata kando ya shamba. Mimi nililijua hilo na ndiyo sababu niliichagua Jumamosi. Sitaki ubaki unajiuliza kama lilinitokea tu. Nilisubiri mpaka walipoingia kanisani, nikavuka. Kanisa lao wakati ule lilikuwa la mabati hapo juu tu, kwa hiyo nilikuwa nawasikia wakiimba muda wote. Mahindi mabichi hayana ubishi, panga linapita. Niliyakata yote, mpaka kwenye mtomoko. Ua lilikuwa limeshajikunja ndani ya majani, bado siku chache. Nikafunga mabua mizigo mizigo nikampelekea ng'ombe. Ng'ombe alikula vizuri.

Mama yako aliona suruali imelowa mpaka kiunoni, akaona mabua zizini. Aliniwekea maji ya kuoga. Miaka tisa hajauliza, na Jumapili ulipokuwa unasoma aliangalia sakafu.

Masika alirudi saa nane hivi, na gauni lake jeupe, Biblia kwapani. Akasimama kwenye ukingo wa mfereji. Nilimfuata, sijui kwa nini nilimfuata. Akauliza bila kugeuka, "Nani?"

Nikasema, "Kampuni."

Akasema, "Hata Sabato hawakuiheshimu?"

Nikasema, "Wale hawana dini."

Jumatatu bwana shamba akaja, kama alivyoahidi, akaona mashina. "Aa, mzee. Si nilisema ungoje?" Nikamwambia dada alikubali, tumeelewana wenyewe. Akaandika kwenye daftari lake: mwenyewe amekata, jirani amekubali. Mwisho wa msimu nikapewa cheti cha mkulima wa mfano, kile kilichotundikwa juu ya redio. Umefanyia kazi zako za shule chini yake.

Utauliza nilikuwa nafikiri nini. Nimejiuliza sana, na jibu nililonalo linatia aibu kwa udogo wake. Kampuni haikunitisha. Ningekuwa askari ningesema ni amri ya afande, ningekuwa na wa kumlaumu, lakini afande hakuwepo. Nilijiona tu mimi ndiye mkulima mwenye matatizo. Nikawaza wenzangu wanaosubiri nafasi. Nikawaza huko ofisini watasema, huyu mzee wa Kitswamba ana ndugu wengi mno. Nilitaka Jumatatu akute mambo yameisha, aseme huyu anajua kazi. Basi. Nilikata chakula cha dada yangu ili kijana mwenye pikipiki aniambie umefanya vizuri.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kuwaeleza watu wa Kampala nguvu ya kampuni, usiwaonyeshe panga. Panga lilikuwa langu, nililinunua mwenyewe sokoni Kasese. Wao walileta karatasi na utepe wa kupimia na kofia. Yaliyobaki niliyafanya bila kuambiwa, na nikatangulia. Nimewasikia redioni wakubwa wa pande zote mbili wakigombana kuhusu ile sheria ya mbegu, huyu anasema itatuua, huyu anasema itatushibisha, na sijasikia hata mmoja akimtaja mtu kama mimi. Watu kama mimi ni wengi kuliko unavyofikiri. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguo yenyewe ilikuwa ile kofia yenye jina la kampuni.

Masika alikaa mpaka mwisho wa msimu, halafu akahamia Bwera kwenye ile nyumba ya baba yetu iliyokuwa inaanguka, akaanza kuuza maharagwe pale sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo. Huko ndiko umemjulia vizuri, kwenye likizo zako. Nilijaribu kuitafuta ile mbegu. Kila siku ya soko nilizunguka kwa akina mama wanaovuka kutoka Kongo, mpaka mmoja wa Kasindi akafungua kitambaa chake: magunzi ya rangi rangi, mazuri. "Papa, hii ni ya bankambo," akaniambia, yaani ya mababu. "Mbegu ya hivi haipoteake." Niliyachukua nikampelekea Masika kama mtu aliyeokota dhahabu. Akayageuza mkononi, akaangalia mpangilio wa punje, akanirudishia moja nilishike. "Mazuri," akasema. "Siyo yenyewe." Jioni akayapika.

Kampuni nayo haikukaa. Baada ya misimu michache wakasema imeuzwa kwa wakubwa wengine, na hao wakubwa wakapata mashamba mapana mahali pengine, wakulima wadogo hawakuwataka tena, wana kelele. Namba ya bwana shamba ikawa haipatikani. Siku hizi naingia Kasese kila msimu na kununua mbegu dukani, ile iliyopakwa rangi ya waridi. Juzi nusu haikuota. Mwenye duka akaniambia nipige namba iliyo kwenye mfuko. Nikapiga. Iliita tu.

Na mimi nahisi nini? Nimejaribu kutafuta. Unajua ukilalia mkono mpaka unakufa ganzi, unaushika kwa mkono mwingine na ni kama umeshika mkono wa mtu? Hivyo. Nakumbuka kila kitu, hata wimbo waliokuwa wanauimba, na hakuna kinachoniuma. Mwanzoni nilingoja uchungu kama mtu anayengoja mgeni aliyesema anakuja. Sasa nimeacha kungoja. Sijui kama hiyo ndiyo adhabu yenyewe au ndiyo nafuu. Mchungaji angejua, lakini kumwambia mchungaji ni kuwaambia Kitswamba nzima, wewe unamjua.

Kwa nini nakwambia leo, si miaka yote hii? Nisidanganye, si kwa ajili ya ukweli. Ni kwa sababu nimesikia yule kijana wa pikipiki sasa ni mtu mkubwa, yuko Kampala, ndiye anayetumwa kuisemea kampuni kwenye mikutano. Atakuwepo. Utasimama useme walikuja na mapanga, na yeye atasimama aseme, hapana, mzee mwenyewe alikata, na akatuambia dada yake amekubali. Na atakuwa anasema kweli, na pengine daftari analo. Watu watakugeukia. Wewe utakuwa mwongo, na kila mkulima atakayesimama baada yako atakuwa mwongo, kwa uongo ambao si wako. Nililiwaza hilo tangu Jumapili. Nimekuachia vitu vichache, sitaki hicho kiwe kimojawapo.

Sikwambii usiende. Nenda. Sema yote: karatasi ya Kiingereza, ramani iliyochorwa bila mtu kuuliza nani analima pale, mbegu ambayo mlimaji haruhusiwi kuila. Hayo ni kweli na ni mazito ya kutosha. Ila ukifika pale unapokatisha sauti, sema, "Baba yangu ndiye aliyekata." Nitaje jina. Sema Bwambale wa Kitswamba. Mimi sitakuwa na uso kanisani kwa muda, basi, kwani nitakufa? Watauliza kwa nini alikata, na hapo ndipo utakapoanza kuwaambia kitu wasichokijua.

Na neno lingine, halafu niache. Hao waliokuita Kampala ukafanye kazi nao wanakupenda, nimeona barua zao. Wao pia watataka hadithi iliyonyooka, yenye mbaya mmoja na mwema mmoja, maana hiyo ndiyo inayoingia kwenye redio. Hawatakuamuru. Watafurahi tu ukiisema hivyo, na wewe utaona wamefurahi. Wewe ni mwanangu, Kabugho, ugonjwa wa kutaka kusifiwa unao, nimeuona ukiwa mdogo ulipokuwa unaleta daftari lenye alama nzuri na kuficha lile lingine chini ya godoro. Sikukuchapa kwa sababu nilikuelewa mno. Ukijikuta unafanya jambo haraka kabla mtu hajakuambia ulifanye, simama kwanza utazame unamfanyia nani. Mimi sikusimama. Na mtu akikuambia ngoja mpaka Jumatatu, mwanangu, ngoja.

Jana niliwaambia naenda Kasese kununua msumari. Sikwenda Kasese, nilikwenda Bwera. Nilitaka kumwomba Masika ruhusa kabla ya kukuandikia, maana jambo ni lake kuliko langu. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka anamenya maharagwe. Kichwa kimekuwa cheupe chote, umeona? Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia, bila kupamba, kwamba aliyekata ni mimi.

Aliendelea kumenya. "Umechelewa," akasema.

"Ulijua?"

"Bwambale, wewe unatumia mkono wa kushoto. Mashina yote yalikuwa yamechongwa upande wako. Huko Kitswamba nani mwingine anakata hivyo? Nilijua nikiwa bado nimeshika Biblia."

"Na mtoto ukamwambia ni kampuni."

"Wewe ndiye uliyesema kampuni. Mimi nilikuachia. Alikuwa na miaka kumi na moja, anakuita baba, anakukimbilia barabarani. Ulitaka nimwambie nini?"

Nikamweleza ninayotaka kukuandikia. Nikamwambia nitaeleza mkataba na ule umbali na maneno ya bwana shamba. Nikamwambia nitaeleza jinsi nilivyopoteza mbegu ya mama, iliyokuja kwetu kutoka kwa mama yake, na kwamba sasa haipo tena popote. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwenye gari, yalikuwa mazuri.

Akaweka beseni chini.

"Mbegu, mbegu," akasema. "Wewe na mtoto wako wote mbegu. Mwandikie kwamba nilikuwa na njaa. Mpaka msimu ulipoisha nilikuwa na njaa, nachemsha majani ya maboga asubuhi na majani ya maboga jioni, na moshi wa jiko lenu nauona hapo ng'ambo ya mfereji. Hilo andika."

Nikamwambia, "Lakini Masika, mbona hukuja kula kwetu?"

Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu niingie.

"Kwa nani?" akasema.

Nimeliandika kama alivyoliagiza.

Baba yako,
Bwambale